Scarborough: merikebu ile ile, nahodha yule yule, vifo 73

Swali: Nimesoma kwamba meli Scarborough ilipeleka wafungwa wa Uingereza Australia mara mbili, chini ya nahodha mmoja. Safari ya kwanza hakufa mfungwa hata mmoja. Ya pili wakafa 73. Je, meli ilikuwa imechakaa?

Jibu: Hapana, chombo kilikuwa kizima. Scarborough ilikuwa merikebu ya mizigo yenye milingoti mitatu, tani 400 na ushei, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1780. Ilipotia nanga Sydney mara ya pili, Juni 1790, haikuwa imetimiza hata miaka kumi. Nahodha John Marshall pia hakubadilika. Kilichobadilika ni mkataba.

Mwaka 1787 ilisafiri katika msafara wa kwanza wa wafungwa, ulioongozwa na Arthur Phillip, ikiwa na wafungwa 208. Phillip aliikaba serikali kuhusu chakula kabla ya kung'oa nanga, na walipopita Rio de Janeiro wafungwa walipewa nyama safi na machungwa, dawa ya kiseyeye.

Msafara wa pili walipewa Camden, Calvert & King, kampuni iliyozoea kusafirisha watumwa. Ililipwa pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa aliyepandishwa melini. Aliyepandishwa, si aliyeshushwa hai! Maiti alilipiwa sawa na mzima, na posho aliyonyimwa mfungwa iligeuka bidhaa. Walipofika Sydney, manahodha walifungua maduka.

Hata pingu zilikuwa za watumwa: badala ya mnyororo, chuma kifupi kilichonyooka baina ya vifundo vya miguu. Mwenye mnyororo huweza kujiburuta. Mwenye chuma kile, bahari ikichafuka, hubaki pale pale alipolala, ndani ya maji yaliyoingia melini. Ndani ya Scarborough walibanwa zaidi baada ya kugunduliwa njama ya kuiteka meli. Kati ya wafungwa 253, wakafa 73. Meli ilipofika Sydney, kasisi wa koloni, Richard Johnson, alipotaka kushuka kuwaona, nahodha alimshawishi asiende.

Kapteni William Hill, mwanajeshi aliyekuwa ndani ya Surprize, meli nyingine ya msafara huo huo, aliandika kwamba biashara ya watumwa ina huruma ukiilinganisha na aliyoyaona, kwa sababu mtumwa akifa mwenye meli hupata hasara. Maneno hayo hayaisafishi biashara ile hata chembe, lakini hesabu yake ni sahihi. Mikataba ya baadaye ilianza kuzuia sehemu ya malipo mpaka mfungwa ateremke akiwa hai.