Elektroni ni 0 au 1/1840? Jibu kwa mzazi aliyeuliza

Dada, umeuliza kwa nini jedwali la mwanao wa kidato cha pili lasema uzito wa elektroni, ile chembe ndogo iliyo nje ya kiini cha atomu, ni 0, ilhali kitabu cha kakake chasema 1/1840 ya uzito wa protoni. Tena ukauliza kama protoni na nutroni, chembe zinazounda kiini, yaani kitovu cha atomu, zalingana kweli, kwa vile zote mbili zimeandikwa 1. Mimi nafundisha tuisheni ya kemia na fizikia hapa Majengo, na kila mwaka swali hili lazima liulizwe.

Elektroni ina uzito, tena uliopimwa vizuri sana: kilo 9.109 × 10⁻³¹. Protoni ni kilo 1.6726 × 10⁻²⁷, na nutroni 1.6749 × 10⁻²⁷. Hapa watoto huteleza. Waona 31 ni kubwa kuliko 27, washikilia kwamba elektroni ndiyo nzito. Mwambie aitazame ile alama ya kutoa iliyo juu, kisha achukue kalkuleta agawe uzito wa protoni kwa wa elektroni. Atapata 1836 na kidogo. Wa nutroni utampa karibu 1839. Hiyo 1840 ya kitabuni imeviringwa tu ili ikae kichwani.

Sasa 0 yatoka wapi? Kidato cha pili wanajumlisha protoni na nutroni ili kupata namba ya uzito wa atomu. Sodiamu ina protoni 11 na nutroni 12, jumla 23, basi. Elektroni zake zote 11 ukizikusanya hazifiki hata sehemu moja kwa mia ya protoni moja, kwa hivyo jibu halibadiliki ukiziacha nje. Chukua gunia la mchele la kilo 50: lau ungeweza kuzichambua elektroni zake zote ukazipima peke yake, ungepata gramu 14 au 15, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Uzito mwingine wote umo kwenye viini. Hata hivyo mimi siipendi hiyo 0 ikiandikwa hivi hivi bila maelezo, na swali likisema “linganisha uzito”, mwanao aandike 1/1840.

Protoni na nutroni ndipo penye utamu. Hazilingani. Nutroni imezidi kwa kama asilimia 0.14, yaani uzito wa elektroni mbili na nusu hivi. Waweza kusema hiyo si kitu, lakini kuna mambo makubwa yanayoitegemea. Nutroni ikitoka nje ya kiini ikawa peke yake haidumu. Kwa wastani baada ya dakika 15 hivi hugeuka protoni, ikatoa elektroni na antinyutrino, chembe nyepesi mno ambayo uzito wake kamili bado haujajulikana. Yaweza kufanya hivyo kwa sababu ina ziada ya kutoa. Protoni iliyo peke yake haina ziada hiyo, ndiyo maana hutulia. Lau protoni ndiyo ingekuwa nzito kwa kiasi hicho, kiini cha haidrojeni, ambacho kwa kawaida ni protoni moja tu, kisingedumu. Na bila haidrojeni, maji yatoke wapi?

Mwanafizikia Thomson aliigundua elektroni mwaka 1897, lakini nutroni ilijificha hadi 1932 mwanafizikia Chadwick alipoithibitisha, kwa kuwa haina chaji ya umeme ya kuifichua.

Kakake naye mpe hesabu hii ya heliamu. Ajumlishe protoni mbili na nutroni mbili kwa namba nilizoandika hapo juu. Atapata 6.695 × 10⁻²⁷. Kiini chenyewe cha heliamu kikipimwa ni 6.645 × 10⁻²⁷. Hajakosea kujumlisha. Chembe hizo ziliposhikana, uzito huo uliopungua ulitoka kama nishati, na jua lawaka kwa njia hiyo hiyo. Amtafutie nduguye ni asilimia ngapi iliyopotea, aandike jibu hapa chini nimwangalizie.