Ubini wa "Mary, mke wa John" utapatikana wapi?

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani, na ukoo wake ni wa kaunti ya Essex, Massachusetts. Tumefika kwa bibi aliyezaa watoto kati ya 1690 na 1708. Vitabu vya mji vinamwita tu "Mary, mke wa John". Ndoa yao haionekani, na kwenye intaneti kila mti wa ukoo unampa baba tofauti. Tushike lipi?

JIBU: Dada, hiyo miti iwekeni kando. Watu hunakiliana, na baba wa kubahatisha akishanakiliwa sana huonekana wa kweli.

Kwa sheria ya Kiingereza ya enzi hizo, mali ya mke ilisimamiwa na mumewe, kwa hiyo hati nyingi zinamtaja mume peke yake. Wosia wa John hautawafikisha mbali. Mnayemtaka ni baba mkwe wake. Pitieni mirathi ya wazee wote wa mji huo na miji jirani waliofariki baada ya 1690, mkitafuta binti Mary mwenye ubini wa John. Fungueni jalada zima, maana risiti za wakwe waliopokea mafungu ya wake zao mara nyingi zimo humo. Mzee asiyeacha wosia msimruke: mahakama iligawia watoto wote, mwana mkubwa wa kiume akipata mafungu mawili.

Kwenye hati za ardhi kuweni waangalifu. Mary akitia alama shamba la John linapouzwa, anaachilia tu haki yake ya theluthi akiwa mjane. Haionyeshi alikotoka. Lakini John na Mary wakiuza pamoja na watu wa ukoo mwingine ardhi ya marehemu mmoja, simameni hapo: huenda wote ni warithi, na Mary ni binti wa marehemu huyo.

Wafuateni na dada zake. Katika kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, za 1692, Rebecca Nurse, Mary Easty na Sarah Cloyce walikuwa ndugu, mabinti wa William Towne, na ubini wao wa ndoa haudokezi lolote.

Ndoa ikipatikana, hakikisheni bibi arusi hakuwa mjane, maana ubini huo utakuwa wa mume wa kwanza.

Kisha tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Wakiandika ndoa Mei 1690 na mtoto Februari 1690, mtoto amezaliwa miezi tisa baada ya ndoa, yaani Februari 1691 kwa hesabu yetu. Msiufute mwaka wa kitabu; andikeni 1690/91, yaani 1690 kwa hesabu yao na 1691 kwa yetu.