Kreatinini haisomwi peke yake: kwa mnaoanza kazi maabara

Wadogo zangu mnaoripoti maabara za huku Mtwara, kabla hamjagusa mashine ya kemia, tazameni sehemu ya umri na jinsia kwenye fomu ya kipimo. Mtaletewa fomu nyingi ambazo kwenye umri pameandikwa "Mtu mzima", basi. Kwa kreatinini, msiziache hivyo.

Kreatinini inatokana na misuli. Mwili huitengeneza kila siku na figo huitoa kwa mkojo. Figo zikichoka, inarundikana kwenye damu. Ila kiasi kinachotengenezwa hufuata wingi wa misuli ya mtu, na hapo ndipo wengi wanateleza. Chukueni kijana wa miaka 25 anayebeba magunia ya korosho ghalani, na bibi wa miaka 75 kutoka Tandahimba. Tuseme wote wawili wamepata mikromoli 97 kwa lita. Kwa kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2021, inayokadiria uchujaji wa figo kutokana na kreatinini, umri na jinsia, figo za kijana zinachuja takriban mililita 95 kwa dakika. Za bibi ni kama 52, na chini ya 60 ikidumu zaidi ya miezi 3 ni ugonjwa sugu wa figo. Kama mashine imewekewa kiwango kimoja kwa watu wazima wote, majibu ya bibi yanaweza kutoka bila alama yoyote, na daktari akampangia dozi ya metformini, dawa ya kisukari, kana kwamba figo ni nzima.

Kwa hiyo umri uulizwe. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, lakini kumbukumbu wanazo. Mwamkie kwanza, kisha umuulize: "Bibi, Uhuru ulikukuta umeshachezwa unyago?" Akijibu ndiyo, hapungui miaka 70. Andika makadirio, na useme wazi kwamba ni makadirio.

Kuandika KE nako hakutoshi kama mama ni mjamzito. Ujauzito huongeza uchujaji, kreatinini ikashuka. Mikromoli 85 kwa mwanamume haimshtui mtu. Kwa mjamzito, inueni simu mpigie wodi.

Kisukari kinahitaji macho zaidi. Kinapoanza kuziumiza figo, mara nyingi huzifanya zichuje kupita kiasi, hivyo kreatinini inabaki nzuri huku madhara yameshaanza. Albumini, protini ya damu, ikivuja kwenye mkojo ndiyo hutangulia kuonyesha. Mgonjwa wa kliniki ya kisukari akiletewa fomu ya kreatinini pekee, mkumbusheni daktari kuhusu mkojo. Si kuingilia kazi yake.

Halafu someni karatasi inayokuja na kitendanishi (kemikali ya kipimo) mjue mnatumia njia gani. Njia ya Jaffe, iliyotokana na ugunduzi wa 1886, inapendwa kwa bei yake, lakini husoma rangi inayotokea kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki, na ketoni, yaani mabaki ya mafuta yanayovunjwa mwilini, nazo hutoa rangi hiyo. Mgonjwa aliyeletwa na sukari ya juu sana na ketoni nyingi anaweza kuonekana figo zimeharibika kuliko hali halisi. Ugonjwa wa manjano (bilirubini nyingi kwenye damu) nao hupotosha, kwa kawaida kwa kuishusha namba. Njia ya kimeng'enya haisumbuliwi sana na ketoni. Kama mnayo Jaffe tu, linganisheni na yurea, taka nyingine inayotolewa na figo, andikeni kwenye majibu kwamba ketoni zilikuwepo, na ombeni sampuli nyingine zikishaisha.