Nataka kuacha pombe, lakini naogopa kuonekana kikundini

SWALI: Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Nakuru, nina umri wa miaka 43, na nimekunywa pombe tangu nikiwa chuoni. Nimejaribu kuacha peke yangu na kila mara nimerudia, na siku hizi mikono hunitetemeka asubuhi mpaka nizimue ndipo niweze kushika chaki. Rafiki amenishauri nijiunge na kikundi cha Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Nitakipata wapi? Nahofia kukutana huko na mzazi wa mwanafunzi wangu, na kulazimishwa kueleza mambo yangu mbele ya watu. Isitoshe, mimi ni Mwislamu, na nasikia wao husali.
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, kabla ya kikundi nenda hospitali. Mikono inayotetemeka asubuhi na kutulia baada ya kuzimua ni dalili kwamba mwili wako umekwisha kuitegemea pombe, na mtu wa namna hiyo akiacha ghafla anaweza kupatwa na degedege, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, hasa katika siku tatu au nne za mwanzo. Wapo wanaopoteza maisha. Mweleze daktari kiasi halisi unachokunywa bila kupunguza hata chupa moja, kwa kuwa zipo dawa za kukuvusha salama katika siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa. Dawa hizo ni za muda mfupi. Kazi ya kikundi huanzia hapo.

Kukipata si vigumu. Piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au uulize katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya kaunti. Unapoelekezwa, uliza mambo mawili: lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu na marafiki huruhusiwa, au ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Ikiwa Nakuru inakutia hofu, anza na mikutano ya mtandaoni, au safiri hadi Nairobi kwa mara za kwanza, mradi umbali usije ukawa kisingizio cha kutokwenda.

Hofu ya kuonekana naielewa, na kwa mwalimu tena Mwislamu ni nzito maradufu. Lakini fikiri: huyo mzazi utakayemkuta kwenye mkutano wa wenye tatizo atakuwa amefuata nini pale? Mtu hujitambulisha kwa jina lake la kwanza tu, hakuna daftari la mahudhurio, na yanayosemwa chumbani hubaki chumbani. Chama hiki kilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, kwa watu wawili walioshindwa kuacha kila mmoja kivyake, na tangu mwanzo usiri ndio uliowawezesha watu kuingia. Sharti la uanachama ni moja tu, nia ya kuacha kunywa; hakuna ada, na kikapu cha mchango kikikufikia unaweza kukipitisha.

Mkutano huchukua takriban saa moja. Mmoja husoma maneno ya utangulizi, kisha wanaotaka huzungumza kwa zamu, na kwa kawaida hakuna anayemkatiza mwenzake, kumjibu wala kumhoji. Zamu yako ikifika, sema, “Leo nitasikiliza tu,” na inatosha. Nakusihi tu usitoroke mara mkutano unapokwisha. Dakika chache za kusimama na kikombe cha chai ndizo zinazokupatia namba za simu za watu utakaowapigia saa mbili usiku, kiu inapokuja na baa ipo njiani. Kwa maoni yangu, namba hizo zina thamani kuliko hotuba yoyote utakayoisikia. Baadaye utamchagua mwanachama mkongwe, aghalabu mwanamume mwenzako, akuongoze katika zile hatua 12 ambazo wanachama huzifuata ili kuachana na pombe.

Kuhusu dini, hatua hizo humtaja Mungu “kwa kadiri tulivyomfahamu”, na chama hakifungamani na dhehebu lolote. Mikutano mingi hukodi vyumba katika viwanja vya makanisa, na mingi humalizika kwa sala fupi ya kuomba utulivu, ambayo unaweza kuisikiliza kwa ukimya. Hudhuria mikutano kadhaa, ya vikundi tofauti ikiwezekana, kabla ya kuamua kwamba hapakufai, maana vikundi havifanani. Na ukiteleza ukanywa, rudi wiki hiyo hiyo. Wengi waliomo humo wamewahi kurudi hivyo.

SWALI: Mume wangu amekubali kwenda kikundini. Je, naweza kuandamana naye? Jirani ameniambia pia nimtilie vidonge vya kuchukiza pombe kwenye chai bila yeye kujua.
Mama Salma, Mombasa

JIBU: Mama Salma, vidonge hivyo usivitie. Aliyevimeza bila kujua kisha akanywa pombe anaweza kutapika vibaya, shinikizo lake la damu kushuka, na hata kufa. Dawa hiyo hutolewa na daktari kwa mgonjwa aliyeelezwa na kuridhia. Mkutano wa wazi mnaweza kwenda pamoja. Ule wa wenye tatizo peke yao, mwache aingie mwenyewe, nawe uulizie Al-Anon, vikundi vya jamaa za wanywaji, ambako utazungumzia hali yako wewe, hata kama yeye bado anakunywa.