Sarafu za Mjerumani shambani: ni za nani?

Kaka, umeuliza kama sarafu ulizozikuta kwa detekta (mashine ya kutafuta metali ardhini) shambani kwa mjomba wako Kibosho ni zako. Inategemea umri wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Hivyo ukivikuta unatoa taarifa serikalini, huuzi. Rupia na heller (sarafu ndogo ya chenji) za Mjerumani ni za miaka ya 1890 hadi 1916, kwa hiyo kwa kigezo cha mwaka peke yake haziingii humo. Angalia sarafu yenyewe, mwaka umeandikwa.

Ila usichimbechimbe ukitafuta vitu vya kale bila kibali, hilo ni kosa hata kama shamba ni la ukoo. Na mjomba aambiwe mapema, maana kihamba, yaani shamba la ukoo, kina wenyewe na ugomvi wa ndugu hauishi.

Detekta ikilia kwa dhahabu, au ukikuta jiwe la thamani, hapo ni habari nyingine kabisa: madini yote ni mali ya Jamhuri, mwenye shamba hana lake bila leseni. Laizer, mchimbaji wa tanzanite wa Mererani, alilipwa shilingi bilioni 7.7 mwaka 2020 kwa sababu alikuwa na leseni ya mchimbaji mdogo.

Pete ya juzijuzi yenye jina ndani? Mtafute mwenyewe au ipeleke polisi. Ukiiuza huku unamjua, ni wizi.

Na anayekuambia rupia moja inauzwa mamilioni pale stendi ya Moshi, mwambie anunue yeye.