Maswali ya Wasomaji: Changarawe, Maji na Idhini ya Wenye Ardhi

SWALI: Mhariri, kampuni yetu ya ujenzi imepata kazi ya kutengeneza barabara ya changarawe katika kaunti ya Marsabit, kwenye ardhi ya wafugaji wa Kirendille na Kisamburu. Serikali imeshatuonyesha barabara itakapopita, na chifu ametuahidi kwamba wazee watano watatia sahihi barua ya kutukaribisha. Tungependa kuishi vizuri na wenyeji tangu siku ya kwanza. Je, barua hiyo inatosha kuingiza mitambo?
Meneja wa mradi, Nanyuki

JIBU: Haitoshi, na nakusihi usiitegemee. Kwa mujibu wa ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 2010, ardhi ya jamii ni mali ya jamii yenyewe. Chifu ni mtumishi wa serikali, na wazee watano, hata wawe wanaheshimiwa namna gani, hawawezi kuitoa kwa niaba ya wenzao. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 kinasema kwamba mkataba wa uwekezaji katika ardhi hiyo si halali mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii husika, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo na kuhudhuriwa na theluthi mbili yao. Ikiwa ardhi haijasajiliwa bado, serikali ya kaunti huishikilia kama mdhamini tu, na hairuhusiwi kuiuza wala kuihamishia mtu.

Huenda ukajibu kwamba suala la ardhi ni la serikali iliyokupa kazi. Kwa eneo la barabara lenyewe, sawa. Lakini utahitaji pia mahali pa kambi, mashimo ya kuchimba changarawe, maji ya kushindilia na njia za muda za malori, na kwa kawaida hivyo vyote huwa nje ya eneo ulilokabidhiwa. Hapo ndipo wakandarasi wengi hukosana na wenyeji. Wakili wako anaweza kubisha kwamba shimo la changarawe si uwekezaji. Hata hivyo ningekushauri ufuate utaratibu uleule wa mkutano, kwa sababu mfugaji aliyepoteza malisho hatajali umeyaitaje kwenye makaratasi.

Anza na maji. Kisima ambacho lori lako litataka kujaza tangi alfajiri ndicho ambacho ngamia wametembea siku kadhaa kukifikia, na kwa kuwa wanaochota maji ya nyumbani ni wanawake, wao ndio wanaojua ni kisima gani hukauka mwezi gani. Waombe wakutane nawe peke yao, wakiwa na mkalimani wanayemwamini, maana katika mkutano mkubwa mara nyingi huachia wanaume wazungumze. Mkikubaliana uchimbe kisima chako, andikeni mapema kitabaki mikononi mwa nani, na pampu yake itaendeshwa kwa jua au kwa dizeli, na dizeli hiyo italipwa na nani baada ya wewe kuondoka. Vivyo hivyo kwa mashimo: shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, likazamisha mbuzi na watoto, ilhali shimo hilohilo, likichongwa mteremko wa taratibu upande mmoja ili mifugo iweze kushuka na kupanda, linaweza kuwa silanga, yaani bwawa la kunyweshea mifugo. Uamuzi wa lipi lifukiwe na lipi libaki ni wao.

Kisha kuna suala la majira. Wakati wa kiangazi vijana wengi wa Kirendille huwa mbali na makazi, kwenye kambi za mifugo ziitwazo fora. Ukiitisha mkutano wakati huo utapata wazee, akina mama na watoto, na theluthi mbili yako itakuwa ya kubahatisha. Subiri warudi, au ukubaliane na kamati ya jamii ya usimamizi wa ardhi jinsi ya kuwafikia huko waliko. Najua ratiba ya mkandarasi haipendi maneno haya. Hata hivyo kumbuka mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, katika kaunti hiyohiyo. Wakazi walifungua kesi mwaka 2014, na umeme ukaanza kuingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2018, lakini Oktoba 2021 mahakama ya ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi hazikutolewa kwa kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja zirekebishwe. Kasoro ilikuwa kwenye utoaji wa ardhi, kabla mtambo wa kwanza haujasimikwa.

Mkishapata idhini, tembeeni njia nzima kwa miguu pamoja na watu waliochaguliwa na jamii, mkiweka alama kwenye makaburi, mahali pa ibada na miti ya kivuli ambayo chini yake watu hukutana. Dereva wa tingatinga awepo siku hiyo, si mhandisi peke yake. Kubalianeni pia bei ya mnyama atakayegongwa na lori, kwa umri na jinsia, kwani ngamia jike mwenye maziwa hawezi kulipwa sawa na dume. Malipo yote yapitie akaunti ya jamii, hata yale yanayoitwa chai ya wazee. Na kama mnapanga kuchinja fahali na kugawa fulana ili mpige picha, basi angalau msubiri mpaka silanga ikamilike.

SWALI: Mhariri, sisi vijana wa Laisamis tumeona kampuni moja ikija, ikatupa kazi ya ulinzi na ya kubeba mawe kwa muda mfupi, kisha ikaleta watu wake kutoka mbali kwa kazi zote za maana. Tuombe nini safari ijayo?
Kijana, Laisamis

JIBU: Ombeni iwe sehemu ya mkataba, si ahadi ya barazani. Kifungu hichohicho cha 36 kinataja kujengea jamii uwezo na kuhamisha teknolojia miongoni mwa mambo ya kuzungumzwa. Tajeni mafunzo kwa jina: kuendesha greda, kupima udongo, leseni ya kuendesha lori. Ombeni pia vikundi vilivyosajiliwa vipewe kazi ndogo kama mitaro na kalvati, na kambi inunue mbuzi na maziwa kwenu. Kabla ya hayo, hakikisheni kamati yenu ya usimamizi wa ardhi, ambayo kisheria huwa na wajumbe 7 hadi 15, imechaguliwa na ina watu wa rika lenu, na orodha ya watakaoajiriwa isomwe mbele ya mkutano wote kabla haijapelekwa kwa kampuni.