Ukurasa wa Shukrani Ulivyoua Kichekesho Changu

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Njiro, Arusha. "Shikamoo dada. Nimeandika kitabu cha picha cha watoto, kinachekesha mno, mume wangu kacheka hadi kapaliwa na chai. Naomba unisomee uniambie kama kinafaa." Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza mumewe ana miaka mingapi. Hajajibu mpaka leo. Kama nimemuudhi anisamehe, swali lile lilitoka kwenye kidonda changu mwenyewe.

Kitabu changu cha kwanza kinamhusu mbuzi wa sikukuu. Wa Moshi mnaijua Desemba yetu: mjini panabaki wazi, watu wote wamepanda Uchagani, na huko mbuzi wanahesabu siku. Basi mbuzi wangu kaona mambo si mambo, kajitanda kanga ya bibi, kavaa na miwani, kapanda Haisi inayoteremka kutoka Marangu. Kakaa dirishani, katulia tuli kama mama mchungaji. Gari linafika Kiboriloni, konda anakusanya nauli. "Bibi, nauli!" Unafungua ukurasa: "MEEEEE!" Abiria wanatokea madirishani, kofia huku, ndizi kule.

Wanangu waligaragara. Mashangazi zao waligaragara. Nikajua nimeshafika.

Nikampelekea mchapishaji mmoja. Baada ya miezi minne nikapata jibu: hadithi inafurahisha ila haina funzo. Wakapendekeza mwishoni mbuzi aombe radhi kwa kusafiri bila nauli. Jamani! Mbuzi anakimbia kisu, halafu aombe radhi kwa konda? Lakini njaa ya kuchapishwa mbaya, niliandika ule ukurasa. Mbuzi akapiga magoti, akatubu. Wakanikatalia hata hivyo. Kuandikiwa "haina funzo" nimeshasamehe. Kile kitubio cha mbuzi nilichokiandika kwa mkono wangu ndicho kinachoniuma hadi leo.

Nikaamua kuchapisha mwenyewe. Habari za kutafuta hela naziruka, kila mtu ana kikoba chake na aibu zake. Kitabu kilikuwa na kurasa 24, cha kubanwa pini katikati. Vitabu vya namna hiyo huenda kwa nne-nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Huwezi kusema "niongezee kamoja tu". Na mimi dakika za mwisho nikataka kamoja tu: ukurasa wa shukrani, tena mwanzoni mwa kitabu. Niliwashukuru wazazi, kwaya, mashangazi wote kwa majina. Ili nafasi ipatikane, nikafuta ukurasa wa mwisho ambao ulikuwa picha tupu.

Nakala 500 zikaja. Nikaenda kusoma kwenye shule moja ya msingi huku Moshi, darasa la pili, watoto wamejaa pomoni, watatu dawati moja. Nikafika kwa konda. "Bibi, nauliii!" Nikanyamaza, nimewakazia macho, nasubiri. Mtoto wa mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, si mbuzi huyo hapo?"

Kimya jii.

Nikatazama kitabu changu kana kwamba nakiona mara ya kwanza. Konda alikuwa ukurasa wa 8, "MEEEEE!" ukurasa wa 9, macho kwa macho. Kwenye mswada, konda alikuwa wa 7 na mlio wa 8. Shukrani zangu zilisogeza kila kitu hatua moja. Kitabu cha Kiswahili kikiwa wazi, ukurasa wa witiri uko kulia na wa shufwa uko kushoto. Swali likikaa kulia, mtoto lazima afunue ndipo apate jibu. Likikaa kushoto, jibu limeshamkodolea macho kabla hujavuta pumzi. Kicheko cha kitabu cha picha kimo kwenye vile vidole vinavyofunua. Mashangazi zangu nawapenda, lakini walinigharimu nakala 500.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kunja karatasi, zibane, uandike namba, uchore hata vijiti, usome ukifunua. Usisomee kwenye simu. Simu haina kulia wala kushoto.

La pili, wasomee watoto wasiokuwa wako. Wako wanacheka kwa sababu wanakupenda, au wanataka chapati. Na usitazame midomo, tazama makalio. Mtoto akichoka, makalio ndiyo huanza kusema.

La tatu, mwache mchoraji. Wangu alichora kuku juu ya keria ya Haisi, sijamtaja popote kwenye hadithi. Kila ukurasa kuku anapukutikwa na manyoya kwa upepo, mpaka anafika mjini yu uchi kabisa. Nilimgombeza, nikamwambia amfute, akakataa. Siku ile darasa liliponyamaza kwa mbuzi wangu, walimcheka kuku wake. Nilimkasirikia wiki nzima! Sasa naelewa: kama picha inaonyesha gari limejaa, usiandike "gari lilikuwa limejaa". Andika kitu ambacho picha haiwezi kutoa, yaani sauti. Pu! Chubwi! Tifu! Lugha yetu imejaa tanakali, halafu tunawaandikia watoto "alianguka kwa kishindo kikubwa". Ya nini? Mlipe mchoraji, tena muandikishane kabla hajashika penseli.

ISBN utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, hakimiliki nenda COSOTA. Hayo hayana hadithi.

Toleo la pili limetoka mwaka huu. Shukrani zimehamia ndani ya jalada la nyuma, mbuzi hatubu, na ile picha tupu ya mwisho imerudi: konda peke yake barabarani, ameshika miwani ya bibi. Mwezi uliopita nilirudi shule ileile. Kwenye "nauliii!" nilisubiri mpaka watoto wenyewe wakapiga kelele "fungua, fungua!" Nilipofungua, mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuuliza kuna nini. Ndugu zangu, tusiwaogope watoto wanaocheka. Mtoto anahubiriwa nyumbani, anahubiriwa mstarini asubuhi, anahubiriwa Jumapili. Hadithi nayo ikimhubiria, atapumzikia wapi? Nami naona nimeshaanza kuhubiri, mtanivumilia.

Dada wa Njiro, mswada ulete. Kwanza uusome kwa watoto wa jirani, mumeo akae chumba kingine. Na kama una ukurasa wa shukrani, niambie uko namba ngapi.